Kupunguza Foleni ya Malori Kwenye Milango ya Kupakia kwa Hesabu za Foleni: Mwongozo Kamili

Chukua ghala lenye milango 4 ya kupakia. Kila lori hushika mlango kwa dakika 45 kwa wastani, kwa hiyo milango yote kwa pamoja ina uwezo wa kuhudumia malori 5.33 kwa saa. Malori yanayofika ni 4.8 kwa saa. Uwezo upo, tena unabaki kidogo. Mbona basi kila dereva anasubiri karibu saa moja na nusu kabla ya kuitwa?

Wengi wakiulizwa hivyo hujibu kwamba wapakiaji ni wazembe, au kwamba milango haitoshi. Mara nyingi majibu yote mawili si sahihi. Foleni huzaliwa pale mambo mawili yanapokutana: milango kuwa na kazi karibu muda wote, na malori kufika bila mpangilio huku kila moja likihitaji muda wake wa kupakiwa. Jambo hili lina hesabu zake, na hesabu hizo si mpya. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu suala hili mwaka 1909. Baadaye alitoa kanuni za kujua laini ngapi zinatosha ili wapiga simu wasikwame. Simu inayotafuta laini na lori linalotafuta mlango vinafuata hesabu ileile.

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa ghala, wa yadi au wa usafirishaji. Utahitaji saa, daftari na lahajedwali la kawaida la kompyuta. Programu ya gharama haihitajiki.

Hatua ya 1: Andika nyakati sita za kila lori

Kwa wiki mbili hadi nne, andika haya kwa kila lori: saa lilipofika getini, saa lilipoitwa, saa liliposimama sawasawa mlangoni, saa kupakia kulipoanza, saa kupakia kulipokwisha, na saa lilipouachia mlango. Usianze kurekebisha chochote kabla ya kumaliza kipimo hiki, maana ukibadilisha katikati hutajua kilichosaidia ni kipi.

Ghala nyingi hukosea hapa. Huandika muda wa kupakia peke yake, kisha husema, “Sisi tunapakia lori kwa dakika 30.” Lakini foleni haijali muda wa kupakia. Inachojali ni muda wa mlango kushikwa, yaani tangu mlango unapotengwa kwa ajili ya lori fulani hadi unapokuwa tayari kutengwa kwa jingine.

Nenda kasimame karibu na mlango mmoja uangalie mwisho wa kazi. Paleti ya mwisho imeingia. Dereva wa foklifti amerudi nyuma na kuzima injini. Utingo amefunga milango ya trela. Lori limejaa, liko tayari kuondoka, na bado halitoki. Karani ameshika hati ya mzigo, lakini idadi iliyoandikwa haikubaliani na idadi iliyopakiwa kwa katoni chache, na mwenye ruhusa ya kuweka saini yuko ofisini upande wa pili wa ghala. Baada ya saini inatafutwa sili. Sili ikishafungwa, dereva anaondoa kabari kwenye magurudumu na kuwasha gari. Ndipo lori linalofuata linaitwa kutoka mwisho wa yadi, na dereva wake anaanza kupiga rivasi. Hakuna aliyekaa bure kwa makusudi, lakini mlango umeshikwa dakika 10 au 15 bila mzigo hata mmoja kusogea. Dakika hizo ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote kwenye yadi, na hesabu itakayofuata inaonyesha kwa nini.

Hatua ya 2: Toa namba nne

Kutoka kwenye daftari lako, tafuta:

F: malori yanayofika kwa saa.
D: wastani wa dakika ambazo lori moja hushika mlango.
N: idadi ya milango inayofanya kazi kweli.
Y: kiwango cha kuyumba. Hiki ni mchepuko sanifu (standard deviation, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) ukigawanywa kwa wastani, na utakipata kwa fomula mbili tu za lahajedwali. Unahitaji viwili: Y1 ni kuyumba kwa muda unaopita kati ya lori moja kufika na linalofuata kufika, Y2 ni kuyumba kwa dakika za kushika mlango.

Kuhusu N, kuwa mkweli. Milango inaweza kuwa 6 ilhali foklifti ni 3, na kama kila lori linahitaji foklifti yake tangu mwanzo hadi mwisho, wahudumu wako ni 3. Foleni hufuata kile kilicho haba. Kikiwa ni mizani, hesabu ifanyike mizanini; wakiwa ni wakaguzi, ifanyike kwa wakaguzi. Nimeona watu wakibishana juu ya milango kwa muda mrefu huku kinachokwamisha kazi ni printa moja ya hati.

Hatua ya 3: Hakiki kwa kanuni ya Little

Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni fupi ambayo ningependa ibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya yadi: wastani wa walio kwenye foleni ni sawa na kasi ya kufika ukizidisha kwa wastani wa muda wa kusubiri. Uzuri wake ni kwamba haijali malori yanafika kwa mtindo gani wala nani anahudumiwa kwanza.

Itumie kwa kugeuza. Kila nusu saa, hesabu malori yanayosubiri nje. Tuseme wastani ni malori 7, na yanayofika ni 4.8 kwa saa. Gawanya 7 kwa 4.8 upate saa 1.46, yaani takriban dakika 88 za kusubiri kwa kila lori. Kama daftari la getini linasema madereva wanasubiri dakika 40 na hesabu hii inasema 88, kuna nyakati zinazoandikwa kwa kukisia, au kuna malori yanayosubiri nje ya geti kabla ya kuandikishwa. Tafuta ukweli kabla ya kusonga mbele.

Hatua ya 4: Pata kiwango cha shughuli

Kiwango cha shughuli, tukiite U, ni F × D ÷ (60 × N). Kwa ghala letu ni 4.8 × 45 ÷ 240, yaani 0.9. Milango ina kazi asilimia 90 ya muda wote.

Meneja akisikia asilimia 90 hufurahi. Hapo ndipo penye tatizo. Angalia wastani wa kusubiri kwa milango 4 na dakika 45 kwa lori, ikiwa malori yanafika kiholela na muda wa huduma unayumba sana (Y1 na Y2 zote zikiwa 1):

U ikiwa 0.70: dakika 16
U ikiwa 0.80: dakika 34
U ikiwa 0.90: dakika 89
U ikiwa 0.95: dakika 201

Kutoka 0.70 kwenda 0.80 foleni inaongezeka mara mbili. Kutoka 0.90 kwenda 0.95, hatua ndogo tu, dereva anaongezewa karibu saa mbili. Sababu ni hii: lori likichelewa au kazi moja ikirefuka, milango iliyobanwa haina nafasi ya kufidia, kwa hiyo kila usumbufu hurithiwa na malori yote yanayofuata. Mlango unaokaa mtupu dakika chache kila saa ndio unaomeza usumbufu huo. Si hasara, na msimamizi hapaswi kuulizwa kwa nini upo mtupu.

Usitazame wastani tu. Kwa hali yetu ya 0.90, hesabu ya Erlang inaonyesha asilimia 27 ya malori yatasubiri zaidi ya saa mbili. Madereva hao ndio wanaokosa safari ya pili, na ndio wenye malipo ya ucheleweshaji mkataba ukiyaruhusu.

Hatua ya 5: Weka fomula kwenye lahajedwali

Kwa kuwa ghala lako halifanani na mfano wa vitabuni, tumia fomula ya makadirio inayozingatia kuyumba kwako mwenyewe:

Kusubiri = (Y1² + Y2²) ÷ 2 × U^(√(2 × (N + 1)) − 1) ÷ (N × (1 − U)) × D

Jibu linatoka kwa dakika. Kwa ghala letu, Y1 na Y2 zikiwa 1, inatoa dakika 90, wakati hesabu kamili ya Erlang inatoa 89. Kwa kazi ya yadi tofauti hiyo haina uzito.

Soma fomula hii kama sentensi yenye sehemu tatu. Ya kwanza ni kuyumba, ya pili ni kubanwa kwa milango, ya tatu ni urefu wa huduma. Sehemu hizi huzidishana, hazijumlishwi. Ukipunguza mbili kwa pamoja, faida inazidi kile ambacho ungepata kwa kila moja peke yake.

Hatua ya 6: Kabla ya kuamini jibu, angalia asubuhi

Hesabu za Hatua ya 4 na ya 5 zinadhani malori yanafika kwa kasi ileile kutwa. Kwenye ghala nyingi si hivyo: kila msafirishaji anataka kuwa wa kwanza, na nusu ya malori ya siku yanajazana getini kabla jua halijapanda. Saa hizo malori huzidi uwezo, U inapita 1, na fomula haina jibu. Tumia hesabu ya mkusanyiko, ambayo ni kujumlisha na kutoa tu.

Tuseme kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 yanafika malori 8 kila saa, jumla 24. Uwezo ni 5.33 kwa saa, kwa hiyo 16 yamehudumiwa au yameanza zamu yao, na 8 yamebaki. Lori linalofika saa 3 kamili litasubiri 8 ÷ 5.33, yaani saa moja na nusu. Baada ya saa 3 yanafika 3 tu kwa saa, kwa hiyo foleni inapungua kwa 2.33 kila saa na itakwisha saa 6 na dakika 25 mchana. Msongamano wa saa tatu umezaa foleni ya saa sita na zaidi, ilhali ukichukua siku nzima hadi saa 10 jioni wastani ni malori 4.5 kwa saa, chini ya uwezo.

Sasa hamisha malori 6 kati ya yale 24 yaje mchana. Yanafika 18, yanahudumiwa 16, yanabaki 2, na lori la saa 3 linasubiri dakika 22 badala ya 90. Hujanunua kitu, hujaajiri mtu. Chora grafu ya mistari miwili, mmoja wa jumla ya waliofika na mwingine wa jumla ya waliohudumiwa, uwaonyeshe wasafirishaji. Ni rahisi kukubali miadi ya mchana ukiona kwa macho kwamba anayefika saa 3 asubuhi anasubiri dakika 90, na anayefika saa 5 anasubiri dakika 37 hivi.

Hatua ya 7: Kata dakika za mlango

Hapa ndipo ningeanza kila mara. Tuseme umepunguza dakika 5 tu, kutoka 45 hadi 40. U inashuka hadi 0.80, na kusubiri kunashuka kutoka dakika 89 hadi 30. Malori yanayosubiri zaidi ya saa mbili yanapungua kutoka asilimia 27 hadi 5 hivi. Dakika 5 za mlango zimemrudishia kila dereva karibu saa nzima.

Dakika hizo utazitoa wapi? Kwanza, toa karatasi mlangoni. Lori likishapakiwa na kufungwa, lisogee kwenye eneo la kukamilishia hati, na saini na sili vifanyike huko. Kama utaratibu wa usalama unataka sili ifungwe mlangoni, basi sili na mwenye saini viwe pale kabla ya paleti ya mwisho. Pili, weka nafasi ya kusubiria mbele ya milango kwa lori moja au mawili yanayofuata, hati zao zikiwa zimekaguliwa tayari. Dereva anayeitwa kutoka mbali, pengine amelala, huchukua dakika nyingi kufika, na mlango unamsubiri yeye. Tatu, panga mzigo sakafuni mbele ya mlango kabla lori halijaingia. Foklifti inayotafuta paleti ndani ya rafu wakati trela iko wazi inakula muda wa mlango.

Dereva hukaguliwa leseni, trela huangaliwa usafi, mzigo huhesabiwa. Kazi ambayo haihitaji trela kuwa mlangoni isifanyike mlangoni.

Pale penye trela za ziada, kuna njia nzuri zaidi: dereva anaacha trela tupu na kuondoka na iliyokwisha kupakiwa. Hapo dereva hangoji upakiaji kabisa. Inahitaji nafasi ya kuegesha na mtu wa kuzihamisha trela, kwa hiyo si ya kila yadi.

Hatua ya 8: Punguza kuyumba

Anza na ufikaji. Miadi inasaidia ikipangwa chini ya uwezo, si sawa na uwezo. Milango 4 kwa dakika 45 ingeweza kupokea lori kila dakika 11, lakini ukipanga hivyo umejirudisha kwenye U ya 1, na lori la kwanza kuchelewa linaharibu siku nzima. Panga lori kila dakika 13 au 14. Toa dirisha la muda linaloeleweka, na anayefika mapema apokelewe mapema pale tu mlango ulipo wazi. Vinginevyo, kuwahi kunakuwa njia ya kuruka foleni na miadi inakufa ndani ya wiki chache.

Kuhusu huduma, chanzo kikubwa cha kuyumba ni kuchanganya mzigo wa paleti na mzigo wa kubebwa kwa mikono. Lori la magunia linaweza kushika mlango mara kadhaa zaidi ya lori la paleti. Lipe saa zake, mchana ambapo foleni ni fupi. Unaweza pia kutenga mlango wa kazi fupi, ila kwa sharti kwamba ukiwa mtupu unapokea lori lolote.

Kwa kipimo: Y2 ikishuka hadi 0.6 na Y1 ikibaki 1, dakika 90 za fomula zinakuwa 61. Y1 nayo ikishuka hadi 0.6 kwa miadi, zinakuwa 32. Ukiongeza na zile dakika 5 za mlango, zinakuwa 11. Ni milango ileile 4 na malori yaleyale.

Hatua ya 9: Unganisha foleni

Kama milango imegawanywa kwa wateja au kwa kampuni za usafirishaji, hesabu upya. Milango 4 yenye foleni moja: dakika 89. Milango hiyohiyo ikigawanywa mafungu mawili ya milango 2, kila fungu likipata nusu ya malori: dakika 192. Kila mlango ukiwa na foleni yake na robo ya malori: dakika 405, karibu saa 7. Kugawanya kunaruhusu mlango mmoja kukaa mtupu wakati malori yamejazana mlango wa jirani. Bidhaa zinazohitaji baridi au kemikali zitabaki na milango yake kwa sababu ya usalama, lakini mgawanyo uliobaki kwa mazoea tu haustahili kubaki.

Hatua ya 10: Mlango mpya, kama bado unahitajika

Mlango wa tano kwenye ghala letu, bila kubadilisha kitu kingine, ungeshusha kusubiri hadi dakika 13. Ni matokeo mazuri, na kuna ghala ambazo kweli zinauhitaji: zile ambazo U inabaki juu ya 0.85 hata baada ya kukata dakika na kupanga miadi. Lakini mlango mpya bila foklifti mpya na wapakiaji wapya hauongezi N. Utaongeza ukuta wenye tundu.

Baada ya kila badiliko, rudia kipimo cha Hatua ya 1 kwa wiki mbili na ulinganishe na fomula. Kila mwezi angalia namba tatu: D, Y1, na muda ambao asilimia 90 ya malori hayauzidi. D ndiyo hupanda kimyakimya, kwa sababu kila idara inayoongeza fomu au ukaguzi huona kwamba ni dakika mbili tu. Ikija ombi la aina hiyo, ingiza dakika mbili hizo kwenye lahajedwali mbele ya aliyeomba. Kwa D ya 45 na U ya 0.9, zinapandisha kusubiri kutoka dakika 90 hadi takriban 171.